KABLA YA KUFILISIWA: NASAHA KWA MDAIWA NA KWA MDAI

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika maswali yaliyoletwa darasani kwetu limo moja lililotoka mbali na pwani, nalo latuhusu sisi watu wa pwani kuliko tudhanivyo. Aliyeuliza ni ndugu yetu Mwislamu, mzaliwa wa huku, aliyekwenda kutafuta riziki Lowarengak, mji wa wavuvi ulio ukingoni mwa Ziwa Turkana, upande wa magharibi, kaskazini ya Lodwar. Asema kwamba alichukua bidhaa kwa mali kauli, nyavu, unga, sukari na mafuta. Nyingine kwa tajiri wa Lodwar, nyingine kwa jamaa zake wa Mombasa. Kisha akakopa na fedha za benki kwa riba. Bidhaa hizo naye akawakopesha wavuvi, wamlipe kwa samaki wakavu. Mambo yakaharibika. Wavuvi wengine wamepoteza nyavu, wengine hawathubutu tena kwenda maji ya kaskazini kwa kuogopa bunduki, na samaki aliowatarajia hawakuja. Sasa mdai mmoja amemletea barua ya wakili, wa pili amtisha kwa mashitaka, na jamaa zake wa Mombasa hawasemi naye. Rafiki yake amemshauri mambo mawili: aliandikishe gari lake la mizigo kwa jina la nduguye, kisha aende mahkamani akajitangaze muflisi, apate kupumua. Atuuliza: Je, yafaa kisheria? Na hao wavuvi anaowadai yeye, awafanyeje?

JAWABU

Wasomaji wetu wengi hawajafika huko, basi yafaa tueleze kidogo kabla ya kutoa hukumu, kwani hukumu ya jambo hufuata hali yake. Lowarengak iko chini ya milima ya Lokitaung, pale walipofungwa kina Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953. Ni nchi ya jua kali na mvua chache. Ngege na sangara wa ziwa hilo huanikwa au hutiwa chumvi, wakapakiwa kwa malori hadi Lodwar na Kitale, na wengine huvuka hata Kongo. Mvuvi aghalabu hana rasilmali. Mwenye duka humpa nyavu na chakula, naye hulipa kwa anachovua. Misiba ya huko yajulikana. Mwezi wa Mei 2011 watu wa Todonyang, kaskazini kidogo ya hapo, walishambuliwa wakauawa, na Februari 2025 wavuvi wa upande huo walishambuliwa tena. Mwaka 2020 ziwa lilifura likameza nyumba na viwanja vya kuanikia samaki vilivyokuwa ufuoni. Na ukame ulioanza mwaka huo huo, ukaendelea hadi 2023, uliangamiza mifugo ya Waturkana, hata mwenye mbuzi wa kuuza alipe deni akawa hana.

Basi mtu aliyefilisika katika mahali kama hapo, neno la kwanza tumwambialo ni hili: kufilisika kwa msiba si aibu katika dini. Imepokewa katika Sahih ya Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, madeni yakamzidi. Mtume hakumkemea wala hakumwita mlaghai. Aliwaamuru watu wamtolee sadaka, wakatoa, wala haikutimia kulipa yote. Ndipo akawaambia wadai wake wachukue kile walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Tuizingatie hadithi hii vizuri, kwani majibu yetu yote yatoka humo. Mna msiba wa kweli, mna jamii iliyosaidia, mna mali iliyowekwa wazi, na mna wadai waliochukua kilichopo wakaacha kumwandama. Kikikosekana kimoja katika hivi, mambo huharibika.

Ama shauri la kuliandikisha gari kwa jina la ndugu, hilo ni haramu, wala hatuoni njia ya kulihalalisha. Likiwa ni hiba ya kweli, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yaharamika kwa mtu kutoa sadaka ya kitu anachokihitaji kulipia deni asilotaraji malipo yake kwa njia nyingine. Ikiwa sadaka kwa maskini yakatazwa, sembuse hiba kwa ndugu ya kukwepa wenye haki? Na likiwa ni uandikishaji wa jina tu, gari liendelee kuwa lake na faida aendelee kula yeye, basi ameongeza uwongo, na ushahidi wa uwongo, na khiyana, tena amemtia nduguye katika moto huo huo. Sheria ya nchi nayo haikuliacha jambo hili: msimamizi wa mali ya muflisi ana uwezo wa kuomba uhamisho wa namna hiyo ubatilishwe, na kuficha mali katika ufilisi ni kosa la jinai. Basi aliyekuwa na deni tu, ambalo si dhambi, atakuwa mtu wa jela kwa hila aliyoshauriwa na rafiki.

Na mizani ya jambo hili ni nia. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira kwamba mwenye kuchukua mali za watu hali anataka kuzilipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Na mwenye kuzichukua hali anataka kuziangamiza, Mwenyezi Mungu humwangamiza yeye. Ndugu yetu bado yuko katika fungu la kwanza. Asijiondoe mwenyewe.

Sasa afanye nini? Twamwambia afanye mambo haya, kwa mpango huu, kabla ya kukanyaga mlango wa mahkama.

La kwanza, afungue daftari lake. Mwenyezi Mungu katika aya iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Wengi wetu twaisoma aya hii kwa makhraji mazuri, kisha twakopeshana kwa maneno matupu mlangoni mwa duka, na siku ya ugomvi kila mtu ana hesabu yake. Aandike kila anayemdai, kiasi gani, tangu lini na kwa muda gani. Aandike na kila anachomiliki, gari likiwemo. Aandike na wale anaowadai yeye. Karatasi hiyo moja itamfaa kwa wadai, na itamfaa mahkamani ikibidi, kwani mahkama nayo itamtaka aitoe.

La pili, ajibu barua ya wakili. Watu wetu wakiletewa barua ya madai huitia mtoni mwa godoro, wakadhani kwamba isiyosomwa haipo. Hati rasmi ya madai itolewayo chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 humpa mdaiwa siku 21. Zikipita bila malipo wala makubaliano, wala yeye kuipinga, mdai apata hoja ya kuomba afilisiwe. Na shauri la deni lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahkama ya Madai Madogo, ambayo sheria imeitaka imalize shauri katika siku 60. Anayenyamaza huhukumiwa hali hayupo. Kunyamaza si subira. Ni kumwachia mwenzako aseme peke yake.

La tatu, awaite wadai wote pamoja, asimfiche mmoja kwa mwingine. Kabla ya kuzuiliwa mali yake, mdaiwa akimlipa mmoja malipo husihi. Lakini insafu na usalama ni wote wajue hali moja. Tabia ya kumlipa mwenye sauti kubwa na kumwacha mjane aliyekukopesha akiba yake kwa kuwa yeye hana wakili, hiyo ni dhulma. Kikao hicho kikae mbele ya watu waaminifu, mzee au sheikh au mfanyabiashara anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mfano wake tunao: Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Mtume, sauti zao zikapanda hata Mtume akazisikia nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa akamwamuru ainuke akalipe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Yatazameni mafunzo yake: mdai alisamehe nusu, na mdaiwa hakupewa udhuru wa nusu iliyobaki. Sulhu si njia ya kukimbia. Ni njia ya kulipa kinachowezekana.

Ndugu zetu wengine hudhani kwamba mashauri ya deni hupelekwa kwa Kadhi. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeihusisha Mahkama ya Kadhi na hali za nafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Deni huenda mahkama nyingine. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, imezitaka mahkama ziendeleze usuluhishi, basi sulhu iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi huheshimiwa, na yaweza kuwekwa mahkamani ikawa na nguvu ya hukumu.

La nne, kama bidhaa ya mtu ingalipo vile vile ilivyo, kwa mfano marobota ya nyavu ambayo hayajafunguliwa wala kulipiwa, basi amjulishe mwenyewe. Imesihi kutoka kwa Abu Huraira kwamba mwenye kuikuta mali yake yenyewe kwa mtu aliyefilisika, yeye ana haki nayo zaidi kuliko wadai wengine. Ndiyo madhehebu yetu ya Kishafii, kwa masharti yaliyoelezwa vitabuni. Asiyauze marobota hayo usiku kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya kukimbilia.

Na ikiwa wadai wamekataa sulhu, au madeni yameizidi mali kabisa, hapo mlango wa ufilisi si haramu kuufungua. Mafakihi wetu wameuandikia mlango mzima. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuilia Muadh bin Jabal mali yake akaiuza kwa ajili ya deni lake. Na katika Muwatta ya Imam Malik mna habari ya mtu wa Juhaina, Usaifi, aliyekuwa akinunua ngamia kwa bei ghali kwa mkopo ili awe wa mbele katika safari ya Hija, atajwe kwamba amewatangulia mahujaji. Akafilisika. Sayyidna Umar akasimama akawatangazia watu kwamba mwenye deni lake aje asubuhi, mali yagawanywe, na akawaonya juu ya deni, kwani mwanzo wake ni hamu na mwisho wake ni ugomvi. Lau Umar angaliona arusi zetu za siku hizi, ukumbi wa mkopo, dhahabu ya mkopo na nguo za sare za mkopo, angaliwajua kina Usaifi wa mitaa yetu mmoja mmoja.

Katika madhehebu ya Shafii, kadhi humzuilia muflisi mali yake wadai wakiomba, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hata yeye mwenyewe akiomba. Basi kuomba kufilisiwa si uzushi wa Wazungu. Mali huuzwa, na kila mdai hupata fungu kwa kadiri ya deni lake. Tutoe mfano: mtu adaiwa na watatu, mmoja shilingi 600,000, wa pili 300,000, wa tatu 100,000, jumla 1,000,000. Mali yake imeuzwa ikapatikana 400,000. Kila mmoja hupata sehemu mbili katika tano za haki yake: wa kwanza 240,000, wa pili 120,000, wa tatu 40,000. Muflisi huachiwa nguo za kumsitiri, na chakula cha siku ya mgawo yeye na wanaomtegemea. Na Mahanbali humwachia nyumba anayoihitaji kukaa. Sheria ya Kenya nayo imekataza madalali wa mahkama wasichukue nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa na watu wa nyumbani mwake, wala vyombo anavyofanyia kazi yake.

Tena sheria hiyo ya mwaka 2015 haikuweka njia moja tu. Iko njia ya kuomba Mahkama Kuu imlinde mdaiwa kwa muda, wadai wakutane waupigie kura mpango wake wa malipo. Iko njia ya kulipa kwa mafungu kwa amri. Na yule asiye na mali yoyote, ambaye madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala si zaidi ya 400,000, imewekwa njia nyepesi yake. Ufilisi wenyewe ni wa mwisho, nao una vifungo: asiyeachiliwa haruhusiwi kugombea ubunge, wala kuendesha kampuni bila idhini. Basi ndugu yetu aonane na wakili mwaminifu, amwonyeshe lile daftari, amuulize njia iliyo nyepesi kabla ya iliyo nzito.

Lakini hapa pana jambo ambalo wakili hatamwambia, na ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Sheria ya nchi humwachilia muflisi baada ya miaka mitatu tangu alipotoa maelezo ya mali yake, na madeni mengi yakawa hayadaiwi tena mahkamani. Vile vile deni la mkataba likipita miaka sita bila ya kushitakiwa, mahkama haitalisikiliza. Haya ni mambo ya mahkama. Ama dhima iliyo shingoni mwake, haifutwi na miaka mitatu, wala sita, wala sitini. Kwa sheria ya Mwenyezi Mungu kilichobaki baada ya mgawo hubaki ni deni, mpaka kilipwe au mwenyewe asamehe. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu wala hakuacha kitu. Akawaambia sahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari tatu tu! Basi ndugu yetu akiachiliwa na mahkama, aishukuru nafasi ya kupumua aliyopewa, aitumie kutafuta, na Mwenyezi Mungu akimkunjulia riziki, awarudie watu wake mmoja mmoja bila ya kuitwa. Na akiwa hana, awaombe msamaha kwa ulimi wake, angali hai nao wangali hai. Na deni la mdai aliyekufa hulipwa kwa warithi wake.

Kuhusu benki, riba ni haramu kuitoa kama ilivyo haramu kuila, naye yampasa atubu kwa mkataba ule. Rasilmali ni haki, alipe. Asikope kwa mwingine kwa riba ili alipe riba ya kwanza, wala asiangukie mikopo ya simu ipatikanayo kwa kubonyeza tu, kwani huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Sasa tuwageukie wadai, na miongoni mwao wamo wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wenye maduka ya jumla. Haki ni yenu, wala hapana akutakaye uitupe. Hata Mtume (s.a.w.), alipojiwa na mtu akamdai ngamia wake kwa ukali, sahaba wakataka kumtia adabu, aliwazuia, akasema maana yake kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Lakini Mwenyezi Mungu katika aya ya 280 ya al-Baqara ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Muhula huo si hisani yako. Ni wajibu wako. Hisani yaanzia kwenye kusamehe. Na muhula wenyewe hauuzwi: kumwambia mtu nakuongezea mwezi nawe niongezee kitu, ndiyo riba ya Jahiliya hasa, hata ukiiita faini, au gharama, au asante.

Nao tajiri mwenye uwezo anayezungusha wenzake, hukumu yake ni nyingine. Kuchelewesha kwa mwenye nacho ni dhulma, na hadithi imehalalisha kusemwa kwake na kuadhibiwa. Ajabu ni kwamba sheria ya nchi katika jambo hili imekaribiana na ya dini. Sheria ya Kenya ya mashauri ya madai hairuhusu mdaiwa atiwe kifungoni kwa ufukara wake. Mahkama sharti iridhike kwamba ataka kutoroka, au amehamisha mali kwa hila, au anao uwezo naye akataa kulipa. Na mkataba wa mataifa juu ya haki za kiraia, ambao Kenya iliukubali mwaka 1972, wakataza kifungo kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Basi Mwislamu anayemtia mwenziwe fukara mbaroni ili jamaa zake waone haya wamlipie, amewazidi ukali hata wasiosoma al-Baqara.

Twafika kwenye swali lake la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote: wale wavuvi. Ndugu yetu yuko katikati ya ngazi. Juu yake wako wanaomdai, chini yake wako anaowadai. Muhula autakao kutoka Lodwar na Mombasa, wale nao wautaka kwake kwa sababu ile ile. Hana haki ya kuinua mkono kuomba kwa wa juu na kuukunja ngumi kwa wa chini. Aya ya muhula haikumtaja Mwislamu peke yake. Mturkana aliye Mkristo au asiye na dini yoyote kati ya hizi ameingia humo. Mtume wetu alifariki hali ngao yake imo rehanini kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Haki za madeni hazitazami dini.

Lakini atambue tofauti. Mvuvi ambaye amepoteza nyavu na mtumbwi, ampe muhula, na hilo si kuitupa mali ya wadai wake, kwa kuwa mali isiyopatikana haijakuwa mali. Yule mwenye samaki anaowauza kwa siri kwa mchuuzi mwingine, amdai, kwani fedha ile ni haki ya wadai wake pia. Wala asimsamehe mwenye uwezo kwa ukarimu wa mali isiyo yake tena. Na hali ya mtu atazijuaje? Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyo katika Sahih ya Muslim, aliyepatwa na ufukara hushuhudiwa na watu watatu wenye akili katika watu wake. Ufuoni wako wazee na kamati za wavuvi wanaojua ni nani aliyepoteza na nani anayeficha. Awaulize hao.

Na kuna jambo jingine ambalo yampasa alichunguze katika daftari lake. Imekuwa ada katika biashara ya samaki kwamba mwenye duka humkopesha mvuvi kwa sharti asimuuzie mwingine, kisha akamkatia bei iliyo chini ya soko. Mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa kwa sharti ni riba, hapana hitilafu katika kanuni hiyo. Samaki wa shilingi 200 aliyehesabiwa kwa 120 kwa sababu ya deni, zile 80 ni nini? Tusidanganyane kwa majina. Mababu zetu wa Unguja na Pemba waliingizwa katika bei khiyari: shamba la mikarafuu likaitwa limeuzwa, mwenyewe akabaki humo akilipa kodi, na kodi hiyo ikawa ndiyo riba iliyovikwa kanzu. Mashamba yakawatoka, hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ikalazimika kutoa amri ya kuzuia ardhi kuhamishwa ovyo. Tuliolia kwa yale, tusiyatende kwa Mturkana. Basi ahesabu upya kila deni kwa bei ya soko ya siku ile. Atakayeonekana amekwisha kulipa, amfutie jina. Pengine ataona kwamba baadhi ya aliodhani anawadai, wao ndio wanaomdai yeye.

Kisha lililobaki ni letu sote. Mwenyezi Mungu katika aya ya 60 ya Sura ya at-Tawba amewataja wenye madeni katika mafungu manane ya Zaka. Ni misikiti mingapi ya miji yetu inayowajua wenye madeni wake na kuwatengea fungu lao? Twachangishana kwa pilau ya hitima, na huyu marehemu tunayemlia hitima aondoka na deni ambalo sufuria tatu za pilau zingalilimaliza. Wengine madeni yakiwazidi huenda kwa waganga kutaka hirizi ya kumfunga mdai mdomo. Hirizi haifungi mdomo wa mdai. Hufungwa kwa kulipa, au kwa kusema kweli. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakutaja nyingine.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza sahaba wake ni nani muflisi. Wakamjibu kwamba ni asiye na dirhamu wala mali. Akawafahamisha kwamba muflisi wa umati wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, na saumu, na zaka, hali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu. Wagawiwe mema yake, na yakiisha kabla ya haki zao kwisha, atwikwe maovu yao, kisha atupwe motoni. Mkutano huo wa wadai hauna wakili, wala sulhu ya nusu, wala miaka mitatu. Basi mdaiwa na atengeneze hesabu yake leo, na mdai naye asiidai haki yake kwa njia itakayomfanya yeye kuwa mdaiwa kesho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, awalipie wenye madeni madeni yao, na awalainishe nyoyo wenye kudai. Amin.

Wallahu aalam.